Kisanduku cha barua pepe kikijaa, barua ya kazi hurudi ilikotoka

MATANGAZO mengi ya nafasi za kazi humu nchini hukamilika kwa sentensi moja ambayo vijana wa Thika na Ruiru wameikariri: kwamba watakaojulishwa ni wale tu watakaoteuliwa kuhojiwa. Maana yake ni kuwa kimya ni jibu. Ukituma ombi na wiki zikapita bila neno, hesabu kuwa umekosa.

Kimya hicho, hata hivyo, kina sababu nyingine ambayo ni nadra kutajwa. Huenda mwajiri aliandika. Huenda barua yake pepe ilifika hadi kwenye seva inayohifadhi barua za mwombaji, ikakuta kisanduku kimejaa pomoni, ikarudishwa ilikotoka. Aliyengoja hana namna ya kuutofautisha ukimya wa kukataliwa na ukimya wa barua iliyokosa pa kuingia.

Ndiposa suala la kisanduku kilichofurika, ambalo wengi hulichukulia kuwa usumbufu wa watu wa ofisini, ni suala la riziki katika miji hii miwili ya Kaunti ya Kiambu. Sensa ya mwaka wa 2019 ilipata wakazi 490,120 mjini Ruiru na 251,407 mjini Thika. Miongoni mwao wamo wapangaji wa Kimbo, Kihunguro na Makongeni wanaotafuta ajira katika viwanda vya Thika au katika kampuni zilizoweka makao Tatu City, pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mount Kenya mjini Thika na wa Chuo Kikuu cha Zetech kilichoko Ruiru.

Wala wanaoandika si waajiri pekee. HELB, bodi inayotoa mikopo ya elimu ya juu, humtaka mwanafunzi anayeomba kwa mara ya kwanza awe na anwani ya barua pepe. Mamlaka ya Ushuru Nchini, KRA, haimsajili mtu katika mfumo wa iTax bila anwani hiyo, na anayesahau nywila yake hutumiwa maelekezo ya kuibadilisha papo hapo.

Makataa ya kuwasilisha ripoti za ushuru ni Juni 30 kila mwaka. Mtu binafsi anayechelewa hutozwa Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kutegemea kilicho kikubwa, na hata asiye na mapato yoyote hasazwi. Basi mfikirie aliyefika kwenye saiba mjini Thika alasiri ya siku hiyo, foleni nyuma yake, akibonyeza kitufe cha kuomba nywila mpya mara ya tano. Mtambo unamwambia kuwa imetumwa. Ni kweli imetumwa. Haijaingia.

Barua hurudishwa vipi?

Kizazi kilichotangulia kilitegemea sanduku la posta. Anwani ilikuwa nambari ya sanduku, jina la mji na, miaka ya baadaye, msimbo: 01000 kwa Thika na 00232 kwa Ruiru. Sanduku moja liliweza kuhudumia ukoo, shule au kanisa zima, na lilipojaa, karani aliyewajua wenyewe aliweza kuziweka kando zilizozidi hadi mtu atokee na ufunguo.

Seva ya barua pepe haina huruma ya karani. Kabla ya kupokea chochote, hutazama iwapo mwenye anwani ana nafasi. Akiwa hana, seva humjibu mtumaji kwa nambari. Nambari inayoanza na 4, kama vile 452, humaanisha "jaribu tena baadaye", na mtambo wa mtumaji huendelea kubisha hodi kwa siku kadhaa. Inayoanza na 5, kama vile 552, ni kufukuzwa mlangoni, na hapo mtumaji huletewa taarifa kuwa barua yake haikufika.

Kitendawili kipo hapo. Anayeambiwa ni mtumaji, si mwenye kisanduku. Mtumaji akiwa ni binadamu huenda akapiga simu, japo afisa wa ajira mwenye mamia ya maombi mezani hana sababu kubwa ya kumfuata mmoja aliyeshindwa kupokea barua. Mtumaji akiwa ni mtambo, kama ule unaotuma nywila na risiti, taarifa ya kurudishwa aghalabu huishia kwenye anwani isiyosomwa na mtu yeyote. Barua imepotea, na pande zote mbili zinadhani mambo yako shwari.

Kilichojaza si barua

Mtu akiambiwa kuwa kisanduku chake kimejaa, hushika simu akaanza kufuta barua moja baada ya nyingine. Abiria wa matatu kutoka Ruiru anaweza kufuta tangu stejini hadi Muthaiga na asipate nafasi ya maana. Hesabu rahisi yatosha kueleza sababu.

Akaunti ya bure ya Google, ambayo mwenye simu ya Android hulazimika kuwa nayo ili apakue programu, ina nafasi ya gigabaiti 15. Barua ya maandishi ni nyepesi. Tukiikadiria kuwa kilobaiti 50, gigabaiti hizo zinatosha barua 300,000. Mtu anayeletewa barua 50 kila siku angechukua zaidi ya miaka 16 kukijaza kisanduku. Kwa upande wa pili, video ya dakika moja iliyopigwa kwa simu ya kisasa huweza kufika megabaiti 100, na video 150 za aina hiyo zinaimaliza nafasi yote.

Ni nini kinachozileta video kwenye kisanduku cha barua? Ni mpangilio wa kampuni yenyewe. Tangu Mei 2013, gigabaiti hizo 15 si mali ya barua peke yake. Hugawanwa na hifadhi ya nyaraka iitwayo Google Drive na ile ya picha, Google Photos. Kwa miaka kadhaa picha zilizopunguzwa ubora hazikuhesabiwa, lakini msamaha huo uliisha Juni 1, 2021. Halafu mnamo Novemba 2023 ikatangazwa kuwa nakala rudufu za mazungumzo ya WhatsApp kwenye simu za Android, ambazo awali zilihifadhiwa bure, zingeanza kuhesabiwa ndani ya gigabaiti zile zile. Mabadiliko hayo yalitekelezwa kwa awamu hadi mwaka wa 2024.

Hili la WhatsApp ndilo lililowapata wengi bila wao kujua. Mkazi wa kawaida wa Ruiru yumo katika kundi la ukoo, la waliosoma naye shule ya upili, la chama cha akiba, la kanisa na la wapangaji wa ploti. Kila wikendi humiminika video za ruracio, za matanga, za mahubiri na za vichekesho. Usiku simu ikiwa kwenye chaji huzikusanya zote na kuzipeleka katika akaunti ile ile inayopokea barua za HELB na KRA. Kisha asubuhi moja nafasi inakwisha. Densi ya arusi ya binamu imeufunga mlango ambao barua ya mwajiri ilikuwa ipitie.

Wenye akaunti kwingine wasijione wamesalimika. Yahoo, iliyokuwa ikitoa terabaiti nzima, ilipunguza nafasi ya bure hadi gigabaiti 20 mwaka wa 2025. Microsoft nayo, tangu Februari 2023, huhesabu viambatisho vya barua katika hifadhi yake ya mtandaoni ambayo sehemu ya bure ni gigabaiti 5 tu.

Tulivyozoeshwa kutotupa

Waliofungua anwani zao za kwanza katika saiba za mwanzoni mwa miaka ya 2000 watakumbuka hali tofauti. Hotmail, iliyoanzishwa mwaka wa 1996, ilitoa megabaiti 2 pekee. Mtu alilipia mtandao kwa dakika, akasoma, akajibu na kufuta kabla ya kuondoka, kwa kuwa picha mbili tatu zilitosha kukiziba kisanduku.

Aprili 1, 2004, Google ilipotangaza Gmail yenye gigabaiti nzima, mara 500 ya nafasi ya Hotmail, wapo waliodhani ni mzaha wa Siku ya Wajinga. Haukuwa mzaha. Watumiaji waliambiwa waziwazi kuwa hawangehitaji tena kufuta barua. Watafute tu wanachokitaka. Nyaya za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka wa 2009 na mtandao ukashuka bei, na simu za bei nafuu zikafuata, tabia ya kuhifadhi kila kitu ilikuwa imekwisha kuota mizizi. Nafasi haikukua kwa kasi ya tabia.

Kazi yenyewe

Anza kwa kujua mwizi ni nani. Fungua mipangilio ya akaunti yako ya Google, utafute sehemu ya hifadhi. Utaonyeshwa ni kiasi gani kimechukuliwa na barua, ni kiasi gani na picha, na ni kiasi gani na nakala za WhatsApp. Asiyetazama hapo kwanza atafanya kazi ya kijungujiko mahali ambapo hapana tatizo.

Ikiwa ni WhatsApp, ingia kwenye mipangilio yake ya mazungumzo, uzime uhifadhi wa video, kisha uhifadhi nakala upya. Nakala mpya huchukua mahali pa ile ya zamani. Ujue tu kuwa simu ikiibwa, video hizo zimekwenda nayo. Zile unazozithamini zihamishie kwanza kwenye kompyuta au kifaa kingine cha kuhifadhia.

Picha zahitaji tahadhari zaidi. Simu ikiwa imeunganishwa na Google Photos, ukiifuta picha huko hutoweka pia kwenye simu. Wapo waliodhani wanapunguza mzigo wa mtandaoni wakajikuta wamepoteza picha za mahafali. Zilizofutwa hukaa kwenye tupio siku 60 kabla ya kupotea kabisa, hivyo anayegundua mapema anaweza kuziokoa.

Ikiwa ni barua zenyewe, usizifute kwa kuzisoma. Ziwinde kwa uzito. Katika nafasi ya kutafutia ndani ya Gmail, andika larger:10M na utaletewa barua zinazozidi megabaiti 10 pekee. Ukiandika older_than:3y utapata zilizopita umri wa miaka mitatu, na maneno hayo mawili yakiandikwa pamoja huleta zile nzito na kuukuu kwa wakati mmoja. Aghalabu barua chache za namna hiyo hurudisha nafasi kuliko maelfu ya barua ndogo.

Watafuta kazi wana mahali pengine pa kuchungulia: barua walizozituma wenyewe, kwa maana nazo huhesabiwa. Vyeti vilivyochanganuliwa saiba kwa ubora wa juu huweza kufika megabaiti 5 kwa jumla. Kiambatisho kinaposafiri ndani ya barua hugeuzwa kuwa maandishi, na uzito wake huongezeka kwa takriban thuluthi moja. Aliyetuma maombi 200 ya namna hiyo amejaza zaidi ya gigabaiti 1.3 kwa vyeti vile vile. Abaki na nakala moja, azifute nyingine, na safari ijayo amwombe mhudumu wa saiba amchanganulie vyeti kwa ubora wa kadiri. Mwajiri anataka kusoma alama za mtihani, si kuhesabu nyuzi za karatasi.

Jambo moja huwatatiza wengi baada ya jasho lote hilo: kipimo hakishuki. Barua iliyofutwa huenda kwenye tupio na kukaa humo siku 30 ikiendelea kuhesabiwa. Barua taka nazo huhesabiwa. Lazima ulimwage tupio kwa mkono.

Kazi ya wingi ni rahisi zaidi kwenye kompyuta, ambapo ukurasa ukishachagua barua 50 zinazoonekana hukuuliza iwapo wataka kuchagua zote zinazolingana na ulichokitafuta. Kwa asiye na kompyuta, saa moja ya saiba itamfaa kuliko wiki ya vidole kwenye simu. Kabla ya kuinuka kitini ajitoe kwenye akaunti, na asikubali kivinjari kiihifadhi nywila yake.

Wanaomimina

Kufuta bila kuwazuia wanaotuma ni kuteka maji kwa pakacha. Mitandao ya kijamii, maduka ya mtandaoni na tovuti za matangazo ya kazi huandika kila siku kwa kuwa siku moja mtu alibonyeza "nakubali" bila kusoma. Chini ya barua hizo, au juu kando ya jina la mtumaji, pana kitufe cha kujiondoa. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo huwataka watumaji wa barua kwa wingi waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja.

Sheria ya humu nchini pia inamlinda mpokeaji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 hairuhusu data ya mtu kutumiwa kibiashara kiholela bila ridhaa yake, na kanuni za mwaka wa 2021 zinampa haki ya kukataa matangazo bila kutozwa chochote. Kampuni isiyosikia inaweza kushtakiwa kwa Kamishna wa Data.

Lakini kitufe hicho kitumie kwa watumaji unaowajua. Barua ya mgeni wa kutiliwa shaka ipeleke kwenye barua taka, usiibonyeze popote. Walaghai wanajua fika kuwa visanduku vya watu vimejaa, na mojawapo ya hila zao kongwe ni barua inayokuonya kuwa nafasi yako imekwisha na akaunti itafungwa usipobofya kiungo fulani na kuandika nywila. Kwa kuwa onyo linafanana na hali halisi, mtu huamini. Kipimo cha hifadhi kitazame kwa kuingia kwenye akaunti mwenyewe, kamwe si kupitia kiungo ulichotumiwa.

Wapo pia wanaohubiri kuwa kisanduku sharti kiwe kitupu kila jioni, mtindo uliovumishwa na Mmarekani Merlin Mann katikati ya miaka ya 2000. Kwa maoni ya mwandishi huyu, aliyeishi miaka mingi chini ya mafuriko ya taarifa kwa vyombo vya habari, hiyo ni anasa ya wenye muda. Barua 9,000 zisizosomwa haziumizi mtu mradi nafasi ipo na zile muhimu zinaonekana. Afadhali kuweka kichujio kinachozitia alama barua za KRA, HELB na mwajiri, na kuziacha nyingine zilale.

Anwani zilizofunguliwa na wengine

Lipo kundi ambalo ushauri huu wote hauwafai, nao ni wale ambao anwani yao ilifunguliwa na mhudumu wa saiba siku walipokwenda kusajiliwa kupata PIN ya KRA au kuomba mkopo. Anwani iliandikwa kwenye kipande cha karatasi, karatasi ikapotea, na nambari ya simu iliyowekwa ya kuithibitisha huenda ikawa ya mhudumu mwenyewe. Tangu Desemba 2023 Google ina mamlaka ya kuzifuta akaunti za watu binafsi zisizotumiwa kwa miaka miwili. Akaunti iliyozidisha kiwango chake cha hifadhi kwa miaka miwili nayo huweza kufutiwa yaliyomo.

Wahitimu wanaotegemea anwani za chuo wako karibu na hatari hiyo hiyo. Vyuo vinavyotumia huduma ya Google viliwekewa mwaka wa 2022 kikomo cha terabaiti 100 kwa chuo kizima, na ni rahisi kwa wasimamizi kuanza kupunguza kwa kuwaondoa waliokwisha kuhitimu.

Kwa mtu wa aina hii, afadhali afungue anwani mpya kwa simu yake mwenyewe na aitumie kwa mambo ya serikali, shule na kazi pekee. Asiihifadhie picha wala WhatsApp. Simu ya Android huruhusu akaunti mbili, na video za ukoo zaweza kupelekwa kwenye ile nyingine. Kisha aihamishe anwani hiyo mpya kila mahali ile ya zamani iliposajiliwa. Kwa iTax, ambaye hawezi kuifungua barua yake ya zamani atahitaji kuthibitisha kuwa yeye ndiye mwenye PIN, na ni heri afike katika ofisi ya KRA au Huduma Centre mjini Thika akiwa na kitambulisho chake cha kitaifa mkononi. Aende mapema mwakani, kabla ya foleni za Juni.